Kimya cha Kaka Yangu

Desemba iliyopita nilimwambia kaka yangu kwamba hakuwahi kuyachagua maisha yake. Sikusema kwa ubaya. Nilikuwa Pangani kwa likizo, tumekaa dikoni chini ya mkungu, yeye anaziba matundu ya jarife, mimi nimeshika simu namsomea vipande vya makala niliyokuwa nimenogewa nayo. Nikafika mahali nikaongeza yangu: "Kwa hiyo kaka, hata wewe kuwa mvuvi na mimi kuwa mwalimu, hakuna aliyeamua. Mambo yalijipanga yenyewe tangu hatujazaliwa."

Hakujibu. Alikaza fundo, akakata uzi kwa meno, akahamia tundu jingine. Asiyemjua angedhani hakusikia. Kikapita kitambo, ndipo akasema bila kuniangalia: "Usiku ule nilinyamaza makusudi. Usininyang'anye."

Neno hilo halijanitoka hadi leo. Mimi nilidhani namletea habari, kumbe nimemtia mkono mfukoni. Kaka hasomi blogu, simu yake ni kitochi na anaipenda hivyohivyo, kwa hiyo haya nawaandikia wengine wenye ugonjwa kama wangu: watu waliosoma sayansi kidogo, wakasikia kwamba hiari ni kiini macho, wakaona raha. Hiyo raha ndiyo inayonisumbua. Nitaifikia.

Kwanza usiku wenyewe. Tulimaliza darasa la saba mwaka mmoja ingawa yeye amenitangulia kuzaliwa. Alipokuwa darasa la tatu malaria ilimpanda kichwani, akakosa masomo karibu mwaka mzima, aliporudi akakuta nimemfikia. Matokeo yalipotoka majina yetu yote mawili yalikuwa ubaoni. Enzi hizo elimu ya sekondari bila ada, ile iliyoanza Januari 2016, hatukuiota hata usingizini. Ada, michango, sare, tranka, godoro: kwa mtu wa ngalawa moja, watoto wawili wa kidato cha kwanza kwa mpigo ni mzigo wa kumzamisha. Baba akatuita baada ya isha, akaishusha kandili chini, akasema ana uwezo wa mmoja. Hakusema nani. Akauliza, "Nani anataka kwenda?"

Nilisema "mimi" kabla hajafunga mdomo. Kaka alikuwa anatazama mkeka. Baba alimsubiri. Nakumbuka alimsubiri muda mrefu, maana nilisikia mbwa akibweka ng'ambo ya mto, upande wa Bweni, akanyamaza, akabweka tena. Kaka hakusema kitu. Baba akasema, "Haya, Mungu ndiye mpangaji," tukaenda kulala.

Mimi leo ni mwalimu wa fizikia Dar es Salaam. Yeye ana ngalawa ya baba.

Fizikia ndiyo iliyonitia maneno mdomoni. Mwaka 1814 Mfaransa Pierre-Simon Laplace aliandika kwamba akili ambayo, kwa nukta moja tu ya wakati, ingejua kila nguvu iliyomo ulimwenguni na mahali kilipo kila kitu, na ikawa na uwezo wa kuzipiga hesabu zote hizo, isingekuwa na shaka juu ya lolote: yajayo na yaliyopita yangekuwa sawasawa mbele ya macho yake. Hiyo ndiyo ditaminizimu kwa ufupi. Kila jambo limefungwa na lililolitangulia, nalo na la nyuma yake, mnyororo mzima hadi mwanzo wa vitu. Hakuna pingili iliyolegea.

Kwa mtoto wa Pangani wazo hili si geni, kwa sababu tumekua tukitazama maji. Yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, kujaa hadi kujaa ni saa 12 na dakika 25 hivi, ndiyo maana kila siku yanachelewa kwa kama dakika 50. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, jua na mwezi vinavuta kwa mstari mmoja na tunapata bamvua, maji yanayojaa sana na kupwa sana. Mwezi ukiwa nusu tunapata maji mafu. Kwenye pwani yetu bamvua kubwa hutofautisha kujaa na kupwa kwa karibu mita 4, na hata hizo mita zinajulikana kabla. Katika miaka ya 1870 William Thomson, yule aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, alibuni mashine ya magurudumu na kapi iliyoweza kuchora maji ya mwaka mzima wa bandari kabla mwaka haujaanza. Babu yetu aliifanya kazi hiyohiyo kwa vidole vya mkono, akihesabu siku za mwezi, na sikumbuki siku aliyokosea kwa kiasi cha kumlaza mtu njaa.

Ukishaona kitu kikubwa kama bahari kinatii jedwali, swali linakuja lenyewe: mimi, ambaye sehemu kubwa ya mwili wangu ni maji, nimeponea wapi?

Basi nikauvuta uzi wa usiku ule kurudi nyuma. Kwa nini kaka alinyamaza? Kwa sababu aliipenda bahari. Kwa nini aliipenda? Kwa sababu mwaka wa ugonjwa, alipoanza kupata nafuu, babu alikuwa akimchukua dikoni kila asubuhi asikae ndani peke yake, akamfundisha kusuka madema na kusoma upepo. Na shule? Shule ilimrudisha akiwa mrefu kuliko dawati, akachekwa. Na ugonjwa? Mbu mmoja wa masika. Ukitaka kusema kweli ya Laplace, mbu ndiye aliyeamua nani awe mwalimu.

Sikuwa peke yangu na mbu wangu. Robert Sapolsky, mwanabiolojia wa Stanford ambaye kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 alikuwa akija Kenya mwaka baada ya mwaka kuwachunguza nyani na kuwapima damu aone msongo unawafanya nini, alitoa kitabu mwaka 2023 akisema waziwazi kwamba hiari haipo kabisa, hata chembe. Nyuma ya tendo kuna ubongo wa sekunde iliyopita, nyuma yake homoni za asubuhi, nyuma yake utoto, tumbo la mama, jeni, utamaduni wa mababu. Nionyeshe, anasema, mahali katika safu hiyo ambapo wewe uliingia ukafanya kitu kisicho na chanzo. Mimi sikuweza kumwonyesha.

Wengi hupenda kutaja jaribio la mtafiti wa ubongo Benjamin Libet la mwaka 1983, ambapo watu waliambiwa wakunje kifundo cha mkono wakati wowote wapendao, na ishara ya umeme kwenye ubongo ikaonekana kuanza kupanda kama nusu sekunde kabla ya mkono kusogea, ilhali wenyewe walisema wameamua kwa kama sekunde 0.2 tu kabla. Siliegemei sana. Mwaka 2012 Aaron Schurger na wenzake walionyesha kwamba mpando ule unaweza kuwa ni msukosuko wa kawaida wa ubongo, si uamuzi uliofanyika kwa siri. Na hata bila Schurger, kukunja mkono pasipo sababu si kitu cha aina moja na kunyamaza mbele ya baba.

Wanafunzi wangu werevu nao huniletea kwanta, fizikia ya vitu vidogo kabisa. Mwalimu, chembe ndogo hazitabiriki! Ni kweli, ila hazisaidii hapa. Kama kimya cha kaka kilitokana na chembe iliyoruka ovyo kichwani mwake, basi kilikuwa sawa na chafya.

Sasa, kuna jambo la kuchekesha. Mimi nilijifanya nimeligundua swali hili kwa Wazungu, wakati nilikuwa nimekwishakaa nalo chuoni, chuo cha Kurani, nimekunja miguu juu ya jamvi, kabla sijajua hata kujumlisha. Jitihada haiondoi kudura: methali hiyo nimeisikia kwa maalimu, kwa bibi, kwa kondakta aliyekosa abiria. Na watu walewale, kwa mdomo uleule, hunena kwamba ajizi ni nyumba ya njaa. Kwa miaka nilidhani ni uzembe wa kufikiri, kwamba wazee wetu walikuwa na methali ya kila hali kama mtu mwenye kanzu ya Ijumaa na shati la kazi. Siku hizi naona wao walikuwa wamefika mbali kuliko mimi.

Kisa kilichonigeuza ni cha Umar bin Khattab, khalifa wa pili wa Waislamu. Kila aliyepita chuoni amekisikia, lakini nakuomba ukisikilize tena kana kwamba ni cha leo. Umar alikuwa safarini kwenda Sham, yaani Syria na nchi za jirani, na watu wake. Alipofika mahali panapoitwa Sargh akapewa habari kwamba tauni imeingia huko mbele. Ndiyo ile tauni ya Amwas, ya mwaka 18 Hijria, sawa na 639. Akashauriana na watu, makundi baada ya makundi, kisha akaamua warudi. Abu Ubaida, mmoja wa masahaba wakubwa na kamanda wa Sham, akamuuliza: Unaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu? Umar akajibu: Laiti mwingine angeyasema hayo, ewe Abu Ubaida. Naam, tunaikimbia kadari ya Mungu kuiendea kadari ya Mungu. Kisha akampa mfano. Ungekuwa na ngamia ukashuka bondeni, upande mmoja una majani na mwingine mkavu, je, si kwamba ukiwalisha kwenye majani umewalisha kwa kadari ya Mungu, na ukiwalisha kwenye ukavu umewalisha kwa kadari ya Mungu?

Tazama alichokikataa. Hakusema kadari inakomea pale uamuzi wake unapoanza. Hakuomba apewe kipande kidogo cha dunia kisichoandikwa, akisimamie yeye. Alisema uamuzi wake wenyewe umo ndani. Kule kushauriana, kule kuwasikiliza wazee wa Makureshi, kule kugeuza ngamia, vyote ni kadari, na kadari haikuwa na njia nyingine ya kumrudisha Madina isipokuwa kupitia kichwani mwake. Abu Ubaida aliuona mnyororo kama kitu kinachompita mtu pembeni. Umar aliuona ukimpitia katikati.

Tofauti hiyo ndiyo inayowaponza wengi msibani na hospitalini. Mtu husema: kama imeandikwa nitapona, nitapona hata nisipokunywa dawa. Wagiriki wa kale waliiita hoja ya mvivu, na Chrysippus, mwanafalsafa wao, aliijibu karibu vilevile kama Umar: yako mambo yaliyoandikwa pamoja. Kama imeandikwa utapona, huenda imeandikwa utapona kwa dawa, na kwa wewe kuamka saa nane usiku kuimeza. Ukiiondoa dawa hujaithibitisha kudura, umeandika nyingine.

Maulamaa hawakuishia hapo. Wako waliosema mja ni kama unyoya kwenye upepo, na wako waliosema mja huumba matendo yake mwenyewe. Abul-Hasan al-Ash'ari, aliyefariki mwaka 936 na ambaye itikadi yake ndiyo waliyosomeshwa Waislamu wengi wa madhehebu ya Shafii wa pwani yetu, akatafuta njia ya kati: Mungu huliumba tendo, mja hulichuma. Kasbi, kwa Kiarabu. Ni fundisho jembamba mno, hata Waarabu wakitaka kusema kitu ni finyu kupita kiasi husema ni finyu kuliko kasbi ya al-Ash'ari. Sitajidai kulielewa lote. Ila nimependa kwamba Kiswahili kimelipokea neno hilo bila taabu. Sisi husema mtu amechuma dhambi, amechuma thawabu. Muembe hukuupanda, mvua hukuileta, na embe lililo mkononi mwako ni ulilolichuma wewe.

Wanafalsafa wa Ulaya waliochukua njia hii nitawaita wapatanishi. David Hume, mwaka 1748, alisema ugomvi wote ni wa maneno: kinyume cha uhuru si sababu, kinyume cha uhuru ni pingu. Mtu yuko huru akifanya alitakalo kwa kuwa analitaka, na uhuru huo anao kila asiyefungwa minyororo. Nilipomsoma nikakumbuka fomu ya polisi. Mtu anapochukuliwa maelezo huandikiwa kwamba anayatoa kwa hiari yake, bila kutishwa wala kuahidiwa chochote. Sheria ya Ushahidi ya Tanzania nayo inapotaka kujua kama ungamo ni la hiari, haiulizi kama lilikuwa na chanzo. Bila shaka lilikuwa nacho: dhamiri, uchovu, mama aliyesema sema kweli mwanangu. Inauliza kama chanzo kilikuwa vitisho na ahadi za askari. Kwa maneno mengine, mahakama zetu ni za wapatanishi, wala si peke yao. Wanafalsafa wa vyuoni walipoulizwa katika utafiti wa mwaka 2020, takribani asilimia 59 waliegemea huko; waliosema hiari haipo walikuwa asilimia 11 hivi.

Wingi si hoja, najua. Na iko hoja ya upande wa pili iliyonikalia kooni kama mwiba wa chewa. Mwanafalsafa Peter van Inwagen aliipanga vizuri mwaka 1983. Kama mnyororo ni wa kweli, basi ninachokifanya leo kinatokana na hali ya dunia ya kabla sijazaliwa pamoja na kanuni za maumbile. Hali ile siwezi kuigusa. Kanuni siwezi kuzibadili. Basi kinachotokana na hivyo viwili nacho kimenitoka mkononi. Niliizunguka hoja hii wiki nyingi nikitafuta upenyo. Hume anajibu kana kwamba hakuulizwa.

Hapa sina budi kutoa kitu nilichokificha hapo juu.

Baada ya arobaini ya baba, mama aliniambia jambo. Usiku ule baba alipotuita, sare ilikuwa imeshashonwa. Ilikuwa kwa fundi, imelipiwa nusu, na ilikuwa ya kimo changu. Baba alikwisha kuamua: kaka alimhitaji ngalawani. Aliuliza tu ili isionekane amebagua, na kama kaka angesema "mimi", alikuwa na maneno yake tayari ya kumrudisha. Swali halikuwa swali. Mlango ulikuwa umefungwa kwa nje.

Desemba ile dikoni nilimwambia kaka na hilo. Nililiweka mwisho, kama mwanasheria anayetoa kielelezo. Unaona? Hata ungesema, ungekataliwa. Hapo ndipo alipokata uzi kwa meno.

Harry Frankfurt, Mmarekani, alitunga mwaka 1969 mfano unaofanana na wetu kiasi cha kunitisha. Mtu anaamua jambo kwa sababu zake mwenyewe, na asilolijua ni kwamba yuko mwingine pembeni aliyejiandaa kumlazimisha endapo angeelekea kuamua vingine. Haikuhitajika. Yule wa pembeni hakunyanyua hata kidole. Je, kwa kuwa hakukuwa na njia nyingine, tendo si lake? Frankfurt alisema ni lake, kwani aliyekuwa pembeni hakuchangia chochote katika kulifanya. Wapo waliouchambua mfano huo kwa miaka zaidi ya 50 wakiutafutia ufa, na baadhi ya nyufa ni za kweli. Mimi ninao mfano wenye jina na kandili. Kaka aliposikia habari ya sare hakusema, "Kumbe!" Hakusema basi nilipoteza bure kimya changu. Alisema alinyamaza makusudi. Mlango uliofungwa nje haukuwa habari yake; yeye hakuusukuma.

Lakini je, angaliweza kusema? Kiswahili kimetupa kiungo kizima cha kazi hii, -ngali-, chombo cha kusafiria kwenda kwenye yale yasiyokuwa. Ningalisema, angalikubali, tungalikwenda wote. Ukikitazama vizuri utaona kinabeba maana mbili bila kutuambia. Angaliweza kusema: ulimi ulikuwa mzima, hakuna aliyemziba mdomo, na angalitaka, angalisema. Hiyo ni kweli kabisa. Angaliweza kusema: kwa homa ileile, babu yuleyule, mkeka uleule, mbwa yuleyule wa Bweni, kila kitu vilevile, ghafla likatoka neno "mimi". Hiyo sidhani. Van Inwagen ananinyang'anya ya pili na kunifanya nidhani amechukua zote mbili. Nikiulizwa ni ipi ninayoihitaji ili kimya kiwe cha kaka, nasema ya kwanza inatosha. Ya pili hata sielewi ningeifanyia nini. Kaka ambaye, kwa mapenzi yaleyale na bahari ileile moyoni, angeweza kuropoka chochote, si kaka aliye huru zaidi. Ni kaka nisiyemjua.

Kuna mahali ambapo Sapolsky ananishinda, nami nakubali kushindwa. Anataka tuache kuadhibu kana kwamba mtu alijiumba. Tarehe 14 Desemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya ilitamka kwamba adhabu ya lazima ya kifo kwa kosa la kuua ni kinyume cha Katiba, kwa kuwa ilimnyima hakimu nafasi ya kusikia maombi ya mkosaji ya kupunguziwa adhabu na kuyapima. Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha nayo, tarehe 28 Novemba 2019, iliona adhabu ya lazima ya aina hiyo katika sheria ya Tanzania inakiuka haki ya kuishi. Nazipenda hukumu hizi kwa jambo moja: zinataka masikio. Aliyeua akisimama aeleze alikulia wapi, alinyweshwa nini, alichokozwa vipi, mahakama isikilize mnyororo wake. Na bado asimame yeye, kwa jina lake. Sapolsky angetaka atolewe kizimbani kabisa, atengwe kama gari lililoharibika breki. Ni huruma, sikatai. Ila gari haliombi radhi.

Mwanafalsafa Mwingereza Peter Strawson alilisema hili katika mhadhara wa mwaka 1962, na nadhani ndiye aliyeona mbali kuliko wote. Aliacha kabisa kuuliza kama mnyororo ni wa kweli. Akauliza tunaishije na watu. Mtu akikukanyaga makusudi unachukia, akikusaidia makusudi unashukuru, ukimkosea unaona aibu. Yako matukio ambayo tunayasitisha hayo: mtoto mchanga, mtu aliyepagawa, mgonjwa wa homa kali. Hao tunawashughulikia, tunawatibu, hatugombani nao. Lakini kumtazama mtu mzima kwa jicho hilo siku zote ni kumtoa barazani. Ndicho nilichomfanyia kaka. Nilimweleza. Nilimfanyia kama maji, nikamtolea jedwali.

Na sasa ile raha. Kwa nini mimi, mtu mwenye shughuli zake, nilishikilia nadharia hii usiku na mchana kwa miezi? Sidhani ni kupenda ukweli peke yake. Ukiangalia, kila niliposoma kwamba hakuna anayechagua, kuna kitu kilishuka kifuani. Kama kaka hakunyamaza, yaani kimya kilimtokea tu kama homa, basi hakunipa kitu. Na kama hakunipa, sidaiwi. Miaka yote hii nimepeleka fedha za mifuko ya simenti, za injini ya boti iliyokufa kabla ya mwaka, za karo ya wanawe, na sijawahi kutamka ahsante kwa ule usiku, maana kuitamka ni kukiri kwamba kulikuwa na kitu kikatoka kwake kikaja kwangu. Laplace alinifutia deni bila kumshirikisha mdai.

Na lile "mimi" langu nalo? Nalo lina uzi wake: mtoto wa mwisho, msemaji, kipenzi cha mwalimu wa hesabu. Naweza kuufuata hadi nichoke. Mwisho wa uzi namkuta mvulana aliyejua kwamba kaka yake yuko pale, aliyemwona anatazama mkeka, na aliyesema haraka ili asiwahiwe. Huyo namjua. Ni mimi.

Inawezekana kaka naye ameutengeneza usiku ule kadiri miaka ilivyopita, kwamba aliogopa tu, na makusudi yakaja baadaye kama kanzu juu ya mwili. Nimelifikiria. Halafu nikajiona natafuta tena mlango uleule wa kutokea.

Jioni ile dikoni mwezi ulikuwa mpevu. Kaka alikunja jarife, akasema, "Kesho bamvua. Maji yanatoka saa kumi na moja alfajiri. Unakuja, Mwalimu?"

"Nikikataa?"

"Utakuwa umekataa."

Nilikwenda. Nilitapika mara mbili kabla hatujaufikia mwamba, wanawe wawili wakinitazama kwa heshima ya kujikaza. Tulipotupa nanga nikamwambia ahsante. Akauliza ya nini, nikasema ya usiku ule. Alitazama maji muda mrefu, kama alivyotazama mkeka, kisha akanirushia kopo.

"Toa maji, mdogo wangu. Chombo kinajaa."